Hatua Kumi na Tisa za Fundi Lukumani

Kwa miaka ishirini na miwili Fundi Lukumani alishona nguo za watu barazani kwake Kanyenye, na hakuna aliyepata kumsikia akilalamika sindano ilipomchoma. Ilikuwa ajabu, basi, kwamba mwaka wa sitini na nane, baada ya kupasuliwa ngiri, mtu huyohuyo alipiga yowe hata shuka lilipomgusa.

Siku ya tano ilifika hajashusha mguu. Jirani yake wa kitanda, Limbu wa Nzega, alikuwa amemsimulia habari za mtu aliyesimama mapema, utumbo ukamwagika sakafuni. Tangu hapo Lukumani alizisikia nyuzi zake zikikatika kila alipokohoa. Na yeye, fundi, aliujua uzi unavyokatika.

"Kidonda kinapona vizuri, baba," alisema Sista Veneranda, muuguzi wa wodi. "Lakini hofu ni chumvi, ukiinyunyiza kidondani, maumivu huwa maradufu. Na asiyetembea, daktari hamruhusu kwenda nyumbani."

Hilo ndilo lililomliza. Ijumaa Kuluthumu, binti yake wa pekee, angeolewa, naye alitaka kumwozesha kwa kinywa chake mwenyewe, si kwa wakili. Mkewe, Maua, alikwisha kumtundikia ukutani kanzu ya melimeli aliyoidarizi kwa ajili ya siku hiyo. Lukumani aliitazama, akaugua.

Jumatano, saa ya kutazama wagonjwa, akaingia Nassibu, Mzaramo wa stesheni, kajifunga kanga kama mfiwa, mkeka kwapani. Wodi nzima ikageuka kumtazama.

"Shikamoo, maiti!"

"Marahaba, mla nazi. Nani kakuita?"

"Mtani haitwi msibani. Babu yako alibeba pembe za ndovu toka Ujiji hadi Bagamoyo. Mjukuu kashindwa kubeba tumbo lake mwenyewe!"

"Na babu yako alimngoja pwani amwibie shuka!"

"Basi mimi nimekuja kurithi kanzu." Nassibu akaiangua msumarini, akaivaa juu ya kanga, akaanza kunengua kuelekea mlangoni.

Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo una sheria yake tangu enzi za misafara: kitu alichotwaa mtani, akivuka nacho kizingiti, ni chake, humshtaki wala humnunii. Lukumani aliijua. Je, binti aozwe na baba aliyejitanda shuka la hospitali?

"Nassibu! Vua! Utaifumua kwapa, we tembo!"

Akashuka. Akaenda amejipinda, mkono tumboni, akitukana kwa Kiswahili na Kinyamwezi. Sista Veneranda alijishughulisha kwa bidii na bandeji zilizokwisha kukunjwa. Limbu, kasahau hadithi yake yote, alihesabu kwa sauti: "Kumi na saba! Kumi na nane!" Ya kumi na tisa, Lukumani akaudaka upindo wa kanzu, mguu wa Nassibu ukiwa hewani juu ya kizingiti.

Ndipo alipotazama sakafuni. Utumbo haukuwapo. Ilikuwapo miguu yake miwili, mitupu, imesimama.

"Inauma?" akauliza Sista.

Lukumani akafikiri, kama apimaye kitambaa. "Inauma kama sindano tu."

"Maiti anasema!" akalia Nassibu, akautandika mkeka na kuanza kuomboleza.

"Mtoeni huyu!" Lukumani alicheka huku amelishika tumbo, machozi yakimtiririka. "Sasa ndiyo inauma kweli!"

Ijumaa alimwozesha Kuluthumu kwa kinywa chake, amevaa kanzu ya melimeli. Kwapa la kulia lilikuwa limefumuka, na fundi mzima alikataa kulitia sindano.