Mwaka Ambao Darasa la Kwanza Halikutoa Nafasi

Mtaani kwetu Kambarage, ukimwona mtoto ametoka kufunga shule na ripoti mkononi, salamu inasubiri. Unamuuliza kwanza, "Umekuwa wa ngapi?" Na mtoto anajua, anajibu bila kusimama: wa saba, wa arobaini na mbili. Wa saba anapewa andazi la bure dukani. Wa arobaini na mbili anapita uchochoroni. Mimi mwenyewe nimewauliza hivyo watoto wa watu miaka yote, nikiwa barazani na cherehani yangu, nashona sare za shule na kutia mdomo mambo yasiyonihusu.

Basi mwaka binti yangu alipoingia darasa la kwanza, shule yao ikaja na yake. Kwenye kikao cha wazazi mwalimu mkuu akatutangazia kwamba darasa la kwanza na la pili hawatapewa nafasi tena. Mtoto atapimwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na kila kimoja kitaelezwa kwa maneno: anaweza mwenyewe, anaweza akisaidiwa, au bado anajifunza. Halafu mzazi hapewi karatasi akaondoka nayo. Anakuja siku yake, anakaa na mwalimu, na mtoto anaonyesha mbele yake kile anachokiweza.

Wazazi tuliguna. Baba mmoja akasimama akasema huo ni mpira wa kucheza bila kuhesabu magoli. Tukampigia makofi, na mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu ile nafasi nilikuwa naihitaji kuliko wote.

Mume wangu ni fundi wa makarasha huko Geita, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Anakaa chumba kimoja na mafundi wenzake, na nyumbani anakuja mwisho wa mwezi kama mashine hazijamharibikia. Dada yake yuko Geita mjini, na karibu na kwake kuna shule ya binafsi ambayo watoto wanavaa tai na kufuatwa na basi mlangoni. Hiyo shule mume wangu aliipenda mpaka ikanikera. Alitaka binti yetu, naye ndiye mtoto pekee tuliye naye, akakae kwa shangazi yake asome huko. Mimi kuhama siwezi, wateja wangu wote wako hapa, na cherehani yangu ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Tulibishana mpaka sauti zikakauka. Mwishoni tukakubaliana hivi: mtoto akimaliza darasa la kwanza ndani ya kumi bora, anabaki na mimi. Akitoka nje ya hapo, Januari anaenda kwa shangazi.

Nilikubali haraka sana. Mtoto wangu ana akili, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu.

Sasa hao walimu wamefuta nafasi. Nilipompigia simu kumweleza, mume wangu alicheka. "Shule nzuri haifichi namba," akasema. "Wakianza kuficha, ujue watoto wamewashinda."

"Hawajaficha. Wamebadilisha."

"Haya, nakuja mwenyewe. Huyo mwalimu atanitajia."

Nilijua atakuja kweli. Huyu ni mtu aliyekuwa wa pili darasani tangu la kwanza hadi la saba, na mpaka leo akimkumbuka yule aliyekuwa wa kwanza anakunja uso, ingawa mwenzake sasa ana upara na wajukuu. Kwake mtoto asiye na namba ni kama hajasoma.

Akaja Desemba, siku moja kabla ya zamu yetu, na shati kalipiga pasi mwenyewe. Mpango wake ulikuwa wazi: akitoka shuleni bila namba ya kumridhisha, kesho yake anapanda basi la Geita na mtoto, bila kungoja Januari. Usiku ule sikupata usingizi wa maana. Asubuhi nilimsuka mtoto nywele kwa hasira mpaka akalalamika, nikamwomba radhi.

Mwalimu alikuwa binti mdogo, mgeni kwetu, mwenyeji wa Morogoro, mwaka wake wa kwanza Shinyanga. Akatukaribisha kwenye dawati la watoto. Mimi nikaenea kwa shida, mume wangu magoti yakamfika kifuani. Binti yetu akapiga goti, akatoa shikamoo, akaenda kusimama mbele.

Akaanza na kusoma. Jamani! Hadithi ya sungura na kisima aliisoma bila kukwama, na mwalimu alipouliza sungura alikosea wapi, akajibu na kuongeza la kwake. Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya dawati kwa furaha. Kuandika nako akaandika sentensi ubaoni, herufi zimekaa kwenye mstari. Nikaanza kupumua.

Ikaja hesabu. Mwalimu alikuwa na mfuko wa vizibo vya soda, ndivyo anavyowapimia. Lakini siku hiyo alitaka kumfurahisha baba mtu, tena binti yangu humweleza kila siku habari za ng'ombe wa bibi. Kabla ya kuanza shule mtoto alilelewa na mama mkwe wangu huko Kishapu, kijiji cha jirani na Mhunze, wakati mimi nahangaika kuitafutia hii biashara wateja. Basi mwalimu akaviweka vizibo kando.

"Tuseme bibi ana ng'ombe wanane," akasema. "Amenunua wengine watano. Sasa bibi ana ng'ombe wangapi?"

Mtoto kimya.

Mwalimu akarudia polepole. Mtoto anaangalia vidole vya miguu yake.

"Haya, tuache ng'ombe. Nyumbani kwenu mko watu wangapi?"

Mtoto akazidi kuinamisha kichwa. Mtoto wa darasa la kwanza anashindwaje kujua nyumbani wako wangapi? Nilitamani nimpulizie jibu. Mume wangu alishakunja uso, mguu wake umeondoka juu ya wangu, na mimi niliiona Geita ile pale, na tai, na basi, na binti yangu dirishani. Nilimchukia yule mwalimu, nikaichukia na shule.

Mwalimu naye akaona mambo yameharibika, akajaribu kutuokoa. Akamgeukia mume wangu kwa upole. "Labda baba umsaidie kidogo. Bibi ana ng'ombe wangapi hasa?"

"Wapo," mume wangu akajibu.

"Ndiyo, wangapi?"

"Wapo tu, mwalimu. Wa kutosha."

Binti yangu akainua kichwa. Uso ulimfunguka, akamwambia mwalimu wake, kama anayemsamehe mtu asiyejua, "Mwalimu, watu na ng'ombe hawahesabiwi. Bibi alinikataza."

Mume wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka dawati likatikisika na machozi yakamtoka, na mimi nikacheka kwa kuwa nilikuwa karibu kulia. Akamweleza mwalimu kwamba kwa mama yake ndivyo ilivyo. Jioni ng'ombe wakiingia zizini, bibi anasimama langoni anawatazama kwa rangi zao, na asipomwona yule wa kijivu anajua hajarudi. Lakini kutaja idadi kwa mdomo, hapana. Ni kuwaitia balaa. Watoto wa watu pia hawahesabiwi. Mimi ni wa Ushirombo, kwetu ni wakulima, tunahesabu hata mahindi yaliyo shambani bado, kwa hiyo jambo hilo lilikuwa limenitoka kabisa kichwani. Yeye aliyezaliwa nalo ndiye aliyekuwa anamkunjia mtoto uso.

Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwomba mtoto radhi, akarudisha vizibo. Vizibo vinahesabika. Binti yangu akajumlisha chapuchapu, akaulizwa kwa namna hii na ile, akapata zote. Kutoa ndiko kulikomsumbua, hasa pale unapokopa kwenye makumi. Alikosea, akajaribu tena, mwalimu akamwelekeza, akapata.

"Mmeona wenyewe," mwalimu akatuambia. "Kusoma, kuandika na kujumlisha anaweza mwenyewe. Kutoa anaweza akisaidiwa. Likizo hii mkae naye kila siku kidogo, na choroko au mahindi, atashika. Asingekuwepo baba leo, mimi ningeandika kwamba hajui hata kuhesabu watu wa kwao."

Mtu mwingine angeshukuru akaondoka. Mume wangu akasogea karibu, akashusha sauti. "Asante sana, mwalimu. Sasa kati yetu tu, amekuwa wa ngapi?"

Mwalimu akamwangalia kwa heshima zote. "Wapo tu, baba. Wa kutosha."

Nilimpenda yule mwalimu kuanzia siku hiyo, na nguo zake namshonea bei ya ndugu.

Lakini tulipokaribia nyumbani mume wangu akasema namba hajapewa, kwa hiyo makubaliano yako palepale, kesho anaondoka na mtoto. Nilisimama katikati ya njia.

"Umemwona mtoto anasoma kwa macho yako," nikamwambia. "Umemsikia kwa masikio yako. Unataka nini kingine?"

"Kutoa hajui."

"Basi mfundishe. Si baba yake wewe?"

Nilisema kwa ukali hadi mama muuza nyanya akajifanya anapanga nyanya upya. Tulipofika mume wangu alivua lile shati la pasi, akachota choroko jikoni, akatandika kanga yangu barazani, akamwita binti yake. Mimi nikakaa kwenye cherehani karibu nao. Nilikuwa na shati la mwanafunzi la kukata kola, nikashika mkasi, ila masikio yote yalikuwa kwenye kanga.

Nikiri kwamba alifundisha vizuri, sikutegemea. Alimpa hesabu za misumari, za mapera, za betri za tochi. Alimfundisha kukopa kwa kutumia viberiti alivyovitia njiti kumikumi, unafungua kimoja, unamwaga njiti zote kumi. Mtoto akakosea mwanzoni, akakasirika kama mimi, akatulia kama yeye, akaanza kupata. Kila akipata, baba yake anasema "wabeja", yaani asante kwa Kisukuma cha mama yake, na mtoto anacheka. Nilikuwa na raha kuwatazama, raha yenye maumivu ndani yake, kwa kuwa begi la mtoto lilikuwa tayari chumbani.

Kisha mume wangu akatafuta hesabu nyepesi ya kumalizia. Akaondoa choroko zote, akabakiza mbili.

"Hapa ni nyumbani Kambarage," akasema. "Huyu ni mama, huyu ni wewe. Mimi niko kazini." Akaichukua moja kwa vidole viwili. "Sasa wewe ukienda kwa shangazi Geita, hapa anabaki..."

Nadhani aliisikia hesabu yenyewe alipofika katikati. Mkono wake ulibaki hewani na ile choroko. Mimi sikuinua macho.

Nilidhani mtoto atakataa, kama alivyokataa shuleni. Aliangalia kanga kwa muda, akanitazama mimi, akamtazama baba yake.

"Mmoja," akajibu. "Anabaki mama."

Lilikuwa jibu sahihi, na hapakuwa na aliyesema wabeja. Binti yangu akanyoosha mkono, akaitoa ile choroko kwenye vidole vya baba yake bila kuuliza, akairudisha kwenye kanga pembeni ya mwenzake.

Mume wangu akatoa simu mfukoni, akampigia dada yake palepale mbele yetu. Alimsalimia, akamuuliza hali ya watoto, akakohoa.

"Kile kitanda cha mtoto usikinunue tena," akamwambia. "Hapana, amefanya vizuri tu. Atasoma hapahapa, kwa mama yake."

Ile kola niliikata upogo kabisa, kitambaa cha watu kikaharibika, nikalipa kingine kwa moyo mweupe.