Lonzo Aliyekimbiza Wimbo wa Talaka

Mgodi wa makaa ya mawe wa Caney ulipofungwa, wanaume wengi wa milima yetu walikwenda kaskazini kutafuta kazi kwenye viwanda vya magari. Lonzo Stiltner, mume wa shangazi yangu Orlena, alipata njia nyingine. Alichukuliwa na Royce Tackett, mwimbaji wa muziki wa country aliyevaa makoti yenye vifungo vya kumetameta, akapige gitaa la besi la umeme katika bendi yake.

Baba yangu, Estill, aliumia sana. Yeye na Lonzo walikuwa wamepiga bluegrass, muziki wa milima yetu, pamoja miaka kumi na mmoja, baba kwenye mandolini, Lonzo kwenye banjo.

"Nenda, shemeji," alimwambia siku ya kuondoka. "Nenda ukachomekwe ukutani kama pasi."

Lonzo alicheka, lakini alipofika kwenye kona ya barabara alisimamisha gari akajifuta macho.

Kwetu hakuna dramu. Mwendo unatoka kwenye mikono ya kila mpigaji, na kila mmoja anausukuma mbele kidogo, kama watu wanaoteremka mlima. Wote wanazunguka kipaza sauti kimoja. Zamu yako ikifika unasogea, unapiga unachokijua, unampisha mwenzako. Kwenye bendi ya Royce, mwimbaji alisimama mbele na wengine wote nyuma yake. Dramu ilishika mwendo, gitaa la kulazwa mapajani lililia kilio kirefu, na kazi ya Lonzo ilikuwa sauti mbili tu, chini na juu, chini na juu, wimbo mzima. Nyimbo zilikuwa nzuri, mwenyewe alikiri. Zilihusu ulevi na ndoa zilizovunjika, na watu ukumbini walitokwa na machozi kweli. Ila mikono yake haikutulia, na kila jioni kabla ya kupanda jukwaani aliacha chakula chake sahanini. Kwenye barua kwa Orlena aliandika kwamba mambo ni mazuri.

Mwezi wa nane, siku ya Ijumaa, walikuwa mjini Roanoke wakifanya mazoezi. Royce akakatiza wimbo katikati.

"Lonzo! Hapa mke kaniacha, naomboleza. Mbona unanikimbiza kama nimefukuzwa na mbwa?"

"Samahani, bosi. Nimejisahau."

"Umejisahau tangu Januari!"

Mpiga dramu akaweka vijiti chini. "Mimi namvuta nyuma, yeye ananivuta mbele. Jamani, mabega yananiuma."

Royce hakuwa mtu mbaya. Alimwita Lonzo pembeni, akashusha sauti. "Wewe ni fundi, sikatai. Lakini muziki huu si wako. Nimepata mtu mwingine. Usinichukie."

Lonzo alitaka kukasirika, akaitafuta hasira, hakuiona. Akaenda kwenye mgahawa wa barabarani, akala sahani mbili za maharage na mkate wa mahindi. Kwenye ile ya pili ndipo alipogundua kwamba hamu ya kula imemrudia.

Hofu ilimrudia alipoona milima. Atamwambia nini Orlena? Alimkuta Jumamosi asubuhi, anaanika nguo.

"Wamenifukuza, mke wangu."

"Umefanya nini?"

"Napiga haraka mno."

Shangazi alikaa juu ya ndoo akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mwezi mzima natafuta maneno ya kukuandikia urudi," alisema. "Niliogopa utasema nimekuharibia bahati. Ingia ndani, Lonzo. Kiwanda cha mashati kimenichukua tangu Pasaka, hatutakufa njaa."

Kesho yake mchana, baada ya ibada, baba na wenzake wawili walikuwa wanapiga muziki kwenye kibaraza cha shule. Mimi nilikuwa nimekaa na akina mama. Lonzo akaja na banjo yake, akasimama chini ya ngazi, hapandi wala haondoki.

Baba akamwangalia. "Umekuja na waya?"

"Waya nimewaachia wenyewe, shemeji."

"Na vidole?"

"Sijui. Naogopa kujua."

"Hata sisi tunaogopa. Panda huku."

Zamu yake ya kwanza kidole gumba kiliteleza, sauti zikagongana kama vyombo vinavyoanguka kabatini. "Ana kutu!" baba alipiga kelele, na kibaraza kizima kikacheka, Lonzo naye akicheka. Zamu ya pili vidole vilikumbuka. Banjo ikamwagika, mwendo ukakaza, na hakuna aliyemwambia apunguze. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana. Baba akageuka pembeni kukaza nyuzi za mandolini, ingawa hazikuwa zimelegea hata kidogo.

Walipiga mpaka akina mama wakalalamika kwamba kuku anapoa.

Jumatatu Lonzo alipata kazi ya kutengeneza mabasi ya shule, akaifanya miaka ishirini na mitatu. Mtu akiisema vibaya country mbele yake alimkatiza. "Acha, muziki ule hauna kosa," alisema. "Mwenye haraka nilikuwa mimi."