Kilio Bila Maiti

Ulikuwa mwaka ule tuliokula mkate na achari, kwa sababu umeme ulikatika saa za kupika na mayai yalipotea madukani. Hata ndagala, dagaa wetu wa ziwani, tulizitafuna baridi. Mwaka huo mwanangu alinunua jumba la zamani hapa Kensington, la wazungu wa enzi za machimbo ya dhahabu, dari zake za bati lenye maua. Mimi shule niliiona kwa nje tu, lakini mtoto wangu ana jumba. Kanisani nilijisifu mpaka wakanichoka.

Akataka vyumba vya juu vipangishwe, kila kimoja na kitanda chake na friji yake. Sebule kubwa ya chini ikatwe kwa ukuta: huku saluni, huku ofisi. Tangu siku hiyo sikutulia. Nilizunguka sebule ile kama kuku anayetafuta pa kutagia, wala sijui kinachoniwasha.

Asubuhi moja mafundi wakatoa viti vyote uani, wakatandaza chini magodoro mapya ya wapangaji. Jirani yetu, msusi kutoka Uvira kama sisi, akapita, akachungulia dirishani. Viti nje, magodoro chini! Kwetu hiyo haina maana nyingine. Akapiga yowe. Chai yangu haijapoa, wamama wamejaa sebuleni, vitenge viunoni, wanalia.

Nikatoka jikoni. "Nani amekufa?"

Msusi akanikodolea macho. "Bibi! Si ni wewe?"

"Mimi? Na sauti ndogo hivyo? Hiyo ni ya kumlilia paka!"

Wakacheka mpaka wakaanguka magodoroni, plastiki ikalia chini yao. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa natazama: wote wameenea, na nafasi imebaki. Ndipo nikajua kilichokuwa kinaniwasha.

Jioni mwanangu akaja na fundi, wakavuta kamba sakafuni kuonyesha pa kujenga ukuta. Nikaenda nikakaa juu ya kamba.

"Huo ukuta haujengwi. Mtanililia humu humu."

"Eish, Mama! Nani anazungumzia kifo? Na kumbi za kukodi zimejaa Randburg."

"Nililiwe kwa saa za kulipia, mlinzi anatingisha funguo mlangoni?"

"Mwenye saluni nimeshamwahidi."

"Mpe banda la farasi kule nyuma. Wateja wake wana miguu."

Fundi akageuka ukutani kuficha kicheko. Mwanangu akachuchumaa mbele yangu, akanishika mikono.

"Mama, nakuomba. Inuka."

"Huo ukuta haujengwi. Mtanililia humu humu."