Muhuri wa Shule Kwenye Stendi ya Masasi

Nakusanya tamthilia za Kiswahili za zamani, hasa chapa za kwanza. Hapa Newala watu wananijua kama muuguzi mstaafu. Habari ya vitabu sikuitangaza, maana mtu mzima anayehangaika na vitabu vya shule huonekana hana kazi.

Kimoja nilikitafuta kwa miaka mingi. Nilipokuwa msichana niliigiza shuleni kama mama wa bibi harusi, katika onyesho lake moja ambalo liliondolewa kwenye chapa zilizofuata. Kila nilipolisimulia niliambiwa halimo kitabuni, nimelitunga mwenyewe.

Msimu uliopita wa korosho nilikwenda Masasi na mkwe wangu, mama wa mume wa binti yangu, kununua khanga za unyago wa mjukuu wetu. Sokoni nikamkuta mama muuza karanga akichana kurasa za kufungia karanga zake, na pembeni ana gunia la vitabu. Nikachungulia. Kile changu kilikuwemo, jalada la nyuma limeshatumika. Nikakinunua pamoja na vingine vichache, nikavichanganya na khanga mfukoni.

Kwenye stendi, mfuko ukapasuka. Abiria mmoja aliinama kunisaidia kuokota, akafungua kitabu, akauona muhuri wa maktaba.

"Shikamoo, mama," alisema, kitabu bado kimo mkononi. "Mimi ni mwalimu. Hivi ni vya shule yetu. Umevipata wapi?"

Nikaitikia, nikasema nimevinunua sokoni. Hakupaza sauti, lakini waliokuwa karibu waligeuka kusikiliza. Mtu nyuma yangu akasema vitabu vya serikali haviuzwi. Nikaanza kueleza habari za chapa ya kwanza na lile onyesho, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mwongo. Mkwe wangu akasogea pembeni, akageuza uso kuelekea milima ya mawe, kana kwamba hatukuja pamoja.

Mwalimu akampigia simu mkuu wa shule. Alisikiliza kwa muda, kisha akanirudishia kitabu kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Tulivitoa wenyewe kupisha vitabu vipya. Sikuwa nimeambiwa."

Alilisema hilo kwa sauti ya chini. Tuhuma walikuwa wameisikia wote. Msamaha niliusikia peke yangu. Nikapanda gari na khanga zangu zina vumbi, nikakaa nikitazama magoti yangu. Tuliposhuka Newala, mkwe wangu aliniaga tu.

Asubuhi yake alikuja kwangu na mihogo ya kuchemsha. Tulizungumza habari za unyago, kisha akaomba nimsomee lile onyesho. Nikasoma. Nilipofika pale mama anapogoma kutoka nje kuwapokea wageni, akanikatiza.

"Jana nilidhani umeviiba," alisema. "Ndiyo maana nilisogea."

Nikamwambia nilimwona. Nilitaka kuongeza kwamba hata mimi ningesogea, lakini sikuwa na hakika, na sikutaka kumdanganya mkwe. Tukakaa, kila mmoja akimwonea mwenzake aibu, mihogo ikipoa. Baadaye akaniambia niendelee kusoma. Niliendelea, ila sauti ilikuwa ndogo, na kila aliyepita barabarani nilimsubiri apite kwanza.