Nilimpelekea Mama Mkwe Shada la Maua ya Maboga

Mnaosema ukitoa maua mambo yanaisha, njooni hapa. Mimi maua yangu yaliliwa na ugali, na balaa ndipo lilipoanzia.

Naitwa Method. Nauza kava na chaja za simu karibu na stendi hapa Bariadi. Jembe nilikuwa naliona kwenye picha tu.

Mchumba wangu Generoza ni fundi cherehani. Tulipendana kwelikweli. Alikuwa akishika viganja vyangu, anacheka.

"Laini kama vya mtoto!"

Tatizo mama yake, kule Nkololo. Alishatamka kwamba mwanaume asiye na shamba hamwozi bintiye.

Nikajifanya mjanja. "Mwambie mama nina ekari mbili."

"Method, huo uongo utakuumbua."

"Tulia wewe."

Mtandaoni nilikuwa nimeona Wazungu wanapeana maua ya kula. Nikasema heh, kwani sisi hatuna? Maua ya maboga! Zawadi na ushahidi wa shamba kwa mpigo mmoja.

Siku ya kwenda kujitambulisha, nikasimamisha bodaboda kando ya shamba la watu. Kuomba? Sikuomba. Nikachuma, tena kwa kuchagua: yale yenye kiboga kidogo nyuma, maana ndiyo yalikuwa yamenona. Yenye kikonyo kitupu nikayaacha.

Nikayafunga kwenye karatasi ya kumetameta na utepe mwekundu.

"Mwangaluka, mayu!" Nikamwamkia kwa Kisukuma, nikainama, shada mkononi.

Mama akaitikia, akapokea. Akageuza ua la kwanza. La pili. La tatu.

"Umechuma shambani kwako?"

"Ndiyo mayu. Kwa mikono yangu mwenyewe."

"Baba, ua lenye mtoto nyuma halichumwi. Hilo ndilo boga lenyewe. Tunachuma madume. Hata mtoto wa miaka mitano anajua."

Akayahesabu mbele yangu.

"Umeniletea maboga ishirini na saba, yote maiti."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Generoza alikuwa anaangalia kuku.

Nikakiri kila kitu. Mama hakunifukuza. Alilichukua shada akaenda kulipika, akatia karanga, tukala na ugali. Tamu balaa, na aibu yangu yote.

Nilipoaga akaniambia, "Nenda kwa mwenye shamba. Ukijua kulima, urudi."

Mwenye shamba, mzee Mayige, alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanipa jembe.

Nilipalilia kwake msimu mzima, kila Jumamosi. Mgongo huu! Msimu uliofuata nikakodi ekari moja, nikapanda mahindi na maboga. Yalipochanua nikachuma madume matupu, nikafunga shada, nikampelekea mama.

Akapiga vigelegele. "Huyu sasa ndiye mkwe!"

Nikarudi mjini mbio mpaka kwenye cherehani ya Generoza.

"Mama amekubali! Tena ametupa na kiwanja. Tunahamia Nkololo, tunalima wote!"

Hakuruka. Aliweka kitambaa chini, akashika kiganja changu, akapapasa zile sugu.

"Method, mimi nimeshika jembe tangu nina miaka saba. Nilikuja mjini kulikimbia. Nilikupenda kwa sababu wewe hulijui."

"Lakini nimefanya yote haya kwa ajili yako!"

"Uliniuliza?"

Nililia, sitaki kudanganya.

Generoza ameolewa Lamadi. Mumewe anauza kava za simu.

Mimi bado nalima. Mama yake ananipigia kila wiki, ananiita mwanangu, anauliza maboga yangu yanaendeleaje.

Wakuu, kabla hujavunja mgongo kumridhisha mkwe, muulize kwanza unayetaka kumuoa. Mimi nilifunga mashada mawili, yote nikampa mama. Generoza sikuwahi kumpa hata ua moja.