Jozi ya Tatu

Kazini walimwita Mama Jokofu, jina lililoanza kama utani likamganda. Alikuwa mwanafizikia wa chumba cha chini kisicho na dirisha, mlezi wa kompyuta ya kwanta iliyoning'inizwa ndani ya jokofu kubwa kama pipa. Ndani ya chipu yake, kyubiti, yaani vile vipande vidogo vinavyobeba hesabu, zilifanya kazi mbilimbili: jozi ikipigwa wimbi fupi la umeme, moja inaitikia hali ya mwenzake. Jozi zote zilikuwa zimetulia, isipokuwa ya tatu.

Mumewe alikuwa amehamishiwa mji mwingine, na watoto wakamfuata kwa likizo. Yeye alibaki, kwa muda mfupi tu, maana bosi alimwambia, "Tuliza jozi ya tatu, nikuachie uende."

Akalifupisha wimbi. Kyubiti moja ikaruka juu, nje kabisa ya hali zake mbili za hesabu, sifuri na moja, hesabu ikavurugika. Akalirefusha. Zote mbili zikasahau zilichobeba kabla wimbi halijaisha. Akashika katikati; hapo kyubiti ya jirani, isiyoguswa na mtu, ikawa inazivuta chinichini. Akaidhibiti hiyo nayo. Asubuhi akakuta vipimo vimehama, kama vile hakufanya kitu.

"Mwenzangu, unakuja lini?" mumewe aliuliza kwenye simu.

"Wiki hii."

"Wiki hii yako haiishi?"

Kitindamimba akampokonya baba simu. "Mama, si uizime tu hiyo mashine?"

Alicheka.

Lakini neno la mtoto halikumtoka. Akaomba ruhusa, akaizima mitambo, akaliacha jokofu lipate joto, kisha akalipoza upya. Kasoro nyingine zilihama, jozi ya tatu ikabaki vilevile. Ndipo alipojua: kisichohama hata kwa joto kimejengeka kwenye chipu yenyewe. Kwenye uso wa chipu palikuwa na dosari inayonyonya nguvu ya kyubiti, na hakuna wimbi ambalo lingeitibu. Akapanda ngazi mbio, moyo mweupe.

"Bosi, kosa haliko kwenye upimaji wangu. Liko kwenye chipu yenyewe. Hapa mimi sina la kufanya tena."

"Safi sana!" Bosi akasimama kumpa mkono. "Basi tunatengeneza chipu mpya. Na nani ataijua kama wewe?"

"Tulikubaliana niende."

"Tulikubaliana jozi itulie. Imetulia?"

Kama angesema ndiyo, angesema uongo, na uongo haukuwa kazi yake.

Akatoka, akampigia mumewe akiwa kwenye ngazi, akamweleza.

"Niwaandikishe watoto shule ya huku?" mume akauliza taratibu.

"Waandikishe."

Akashuka. Pampu zilikuwa zikinguruma. Akavuta kiti, na kwa kuwa chipu mpya ilikuwa bado, akaanza kuipima jozi ya nne, ambayo nayo tangu jokofu lipoe upya ilikuwa imeanza kukosea.