Kilio cha Kaseba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za kazi yangu hii, mwanangu, ni Jumapili moja ambapo lori dogo lilisimama mbele ya lango langu hapa Katuba, limejaa wanawake wanaolia. Nilikuwa nimekaa uani nachambua majani ya sombe, kisamvu chetu. Nikawapitia jamaa zangu wote kichwani, wagonjwa na wazima, nikijiuliza ni nani aliyekufa bila mimi kuambiwa. Kumbe marehemu nilimuua mwenyewe, Jumamosi ya juma lililotangulia, kwa kidole gumba.

Nakusimulia haya kwa sababu ya ujumbe wako wa jana. Ulisema wasomaji wa kundi lako wanakushurutisha yule msichana wa hadithi yako aolewe na tajiri, na usipomwoza wanatishia kuondoka. Ukaniuliza: Mama Feza, niwape wanachotaka? Ningeweza kukujibu kwa neno moja ukaenda zako. Lakini mimi ni mtunzi, na mtunzi akiulizwa njia hamwonyeshi mtu kwa kidole, humsindikiza.

Ujana wangu katika kazi hii usidhani ni wa mwili. Nilianza kutunga baada ya kuacha kufundisha ushonaji kwenye foyer, kituo cha mafunzo ya wanawake, nina wajukuu tayari na magoti yananung'unika. Mwanangu wa mwisho, Trésor, alininunulia simu ili awe ananijulia hali. Mimi nikaifanya karakana. Asubuhi umeme ukiwapo naichaji kwanza, hata kabla ya chai, kisha nakaa kwenye kiti changu cha cherehani, maana mgongo umekizoea, naandika mpaka sufuria iniite. Kila Jumamosi natuma sura moja kwenye kundi langu la simu.

Tulianza majirani na wenzangu wa kwaya. Likakua lenyewe. Wakaingia madereva wanaosoma huku wakingoja kizuizi kifunguliwe mpakani Mokambo, wakaingia mabinti wanaofanya kazi kule hoteli ya Karavia, akaingia Kambale, mfanyabiashara wa jumla hapa mjini, mzaliwa wa Butembo, ambaye huwasomea wapakiaji wake mchana wakipumzika juu ya magunia. Na kule kijijini Lukafu kulikuwa na mwalimu mmoja anayepanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, anaipata sura, anashuka kuwasomea watu waliotoka shambani. Hebu fikiria hilo, mwanangu. Mtu mzima na suruali yake ya kazi anapanda kichuguu kwa ajili ya maneno yangu. Kizuri chajiuza. Mimi sikumshika mtu mkono kumwomba asome, na sina haya ya kulisema.

Waliyekuwa wanampenda zaidi ni Kaseba. Kaseba alikuwa shofere wa lori, mzaliwa wa Lukafu, mtu wa ukoo wa mvua. Nilimpa kofia ya buluu iliyochakaa na bega la kushoto lililolegea, kwa kuwa mkono ule ulizeeka umeegemea dirisha. Nilimpa na tabia ya kusalimia kila mtu mara mbili, mara ya kwanza kwa mdomo, ya pili kwa honi. Baada ya miezi mingi ya kuishi naye, nikaona mwisho wake unakuja. Sikuutafuta. Uliniingia nikiwa nafua: Kaseba atalala ndani ya lori lake pale Mokambo akingoja zamu yake, na foleni itakaposogea, lori lake halitasogea. Niliandika sura ile nikilia, nikaituma.

Wasomaji waliisoma jioni ileile. Kisha picha ya kundi ikageuka nyeusi. Kisha wakaanza. Mmoja alisema mimi ni mchawi. Mwingine alisema mtu aliyezaa hawezi kuandika vile. Madereva wa Mokambo walisema sasa wanaogopa kulala foleni. Lakini aliyenishika pabaya ni Kambale, kwa sababu hakunitukana. Alituma ujumbe wa sauti, anazungumza polepole kama yuko kanisani.

"Mama Feza, tunakuomba. Lazaro alikalaka siku ine mu kaburi na akatoka. Huyu wetu alikufa jana tu. Umurudishe, mama. Wapakiaji wangu wamekataa kula."

Nilicheka, halafu sikucheka. Juma lile lote nilikuwa nikiona watu wanatoka kundini, mmoja leo, wawili kesho, na kila jina lililopotea lilinichoma. Hapo ndipo nilipoandika sura nyingine. Humo Kaseba anazinduka akiwa chumba cha maiti, anaomba chai. Ilikuwa sura ya kuchekesha, nakiri, na ilikuwa na ufundi. Nikaiweka tayari. Jumamosi ikapita sijaituma; ilibaki kubonyeza tu, na kidole changu kilikuwa kinasita, sijui kwa nini.

Sasa turudi langoni. Wanawake wale walishuka na mfuko wa unga, kuku, kuni, na magodoro yamefungwa kwa kamba. Aliyewatangulia alikuwa mama wa umri wangu, mrefu, kitambaa kichwani. Akasema anaitwa Mama Mwape, wametoka Lukafu.

"Tulisikia Kaseba alikufwa," akasema. "Tunakuya ku kilio."

Wahenga wamesema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali akaingia. Mimi mfiwa nilikuwa na sombe mapajani, na wa mbali walikwisha kuanza. Trésor akanivuta pembeni, jasho linamtoka.

"Mama, uwaambie ukweli mbio-mbio. Bale bantu banafikiri iko muntu wa kweli. Mutaa muzima utatucheka."

Na mimi, mwanangu, nilikuwa tayari kwenda kuwaambia. Nilikuwa natafuta maneno ya upole ya kuwarudisha Lukafu na kuku wao. Ndipo akatoka Tate Ngosa.

Tate Ngosa alikuwa mjomba wa marehemu mume wangu, mtu wa mgodi tangu zamani, aliyekuwa akiishi nasi. Hadithi zangu aliziita mazungumzo ya wanawake wasio na kazi. Lakini kila Jumamosi mjukuu wangu akinisomea sura kwa sauti, kiti cha Tate kilikuwa kinahama chenyewe kutoka kwenye jua, kinasogea, mpaka kinagusana na chetu. Akatazama wageni, akanitazama mimi.

"Feza, bantu banafika na unga, na weye unasimama ku lango sawa polisi?"

"Tate, Kaseba haiko muntu. Ni miye nilimutunga."

"Ulimupa jina?"

"Nilimupa."

"Ulimupa ukoo?"

"Wa mvua, Tate."

"Basi. Miye niko wa uyoga. Kumuzika iko kazi yangu, haiko yako. Weye ulimuzala, weye ulimuua, na sasa unatoroka kilio? Fungua lango."

Wewe ni mtoto wa mjini, labda hujui. Huku kwetu ukoo wa mvua na ukoo wa uyoga ni watani, kwa kuwa bila mvua uyoga hauoti. Wanataniana maisha yao yote, na mmoja akifa, mwenzake ndiye humzika. Tena wakati wa kilio mtani huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye na kusema kama yeye, ili wanaolia wapate kucheka. Mimi ukoo ule niliuweka kwenye sura ya pili kwa kupamba tu. Sikujua kuwa mzee mmoja nyumbani mwangu aliusikia na kuuweka moyoni.

Nikafungua lango. Moto ukawashwa, majirani wakaleta viti na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, sombe yangu ikaongezewa sombe nyingine. Mtu akaandika kundini kwamba Kaseba ana kilio Katuba, na kabla jua halijapinda Kambale alifika na gari lake, ameleta viti na sukari, amevaa suti. Alinisalimia bila kunitazama usoni. Wapakiaji wake walikuwa nyuma yake, na siku ile walikula.

Kisha Tate akatoka chumbani. Alikuwa amepata kofia ya buluu, sijui kwa nani. Akashusha bega la kushoto. Akapita kati ya watu, anamsalimia kila mmoja kwa mdomo, halafu anageuka na kumpigia honi: piip. Mwanangu, nimefundisha wanawake kushona magauni ya harusi, nimeona maharusi wakijitazama kwenye kioo, lakini sijawahi kuona kazi ya mikono yangu ikitembea. Uani mwangu, kati ya masufuria, Kaseba alikuwa anatembea. Watu walicheka mpaka wakashikana. Nilijivuna. Nilijivuna hadharani, nikasimama ili nione vizuri.

Mama Mwape alicheka pia. Halafu kicheko kikamgeukia, akafunika uso kwa kitenge na kulia kilio kingine kabisa, cha chini, cha mtu aliye peke yake. Nikaenda kukaa karibu naye mkekani. Sikuweza kumwacha alie hivyo kwa uongo wangu. Nikamwambia polepole kwamba Kaseba hakuwahi kuwapo, ni mtu wa hadithi.

Akajifuta macho.

"Mama, hatuko batoto. Mwalimu alituambia tangu mwanzo."

Akanieleza, akitazama moto.

"Bwana yangu alivuka Mokambo na lori, zamani sana. Kisha balikuya kusema alikufwa kule, bantu tusiyojua njo balimuzika. Bandugu yake balikataa kilio. Balisema, hatuwezi kulilia muntu tusiyoona maiti yake. Tangu ile siku siko bibi ya muntu, siko mujane. Mwalimu aliposoma Kaseba analala mu lori yake, nilisema, leo njo nitalia. Na bale bamama, bakasema, tutaenda naye."

Kisha akanishika mkono wenye simu.

"Tunasikia bantu ba mu simu banataka umufufue. Usimufufue, mama. Wako akirudia, na miye nitaanza tena kungojea wangu."

Nikaifungua ile sura ya chumba cha maiti. Chai yake, vichekesho vyake, ufundi wake wote. Nikaifuta mbele yake, akiona. Tate alikuwa amesimama juu yetu na kofia yake, amesikia yote.

"Bwana yako, jina lake nani?" akamwuliza.

"Mwila, wa mvua."

"Basi leo nazika bawili."

Akalitaja jina la Mwila kwa sauti mbele ya watu wote, pamoja na la Kaseba, kwa desturi zote za mtani, matusi yake na sifa zake. Wanawake wa Lukafu wakapokea. Asubuhi walipokuwa wanapanda lori lao, Mama Mwape alinyoosha mgongo, akafunga kitambaa chake upya.

"Sasa miye njo mujane," akasema, na alilisema kama mtu aliyepewa cheo baada ya kukinyimwa miaka.

Jumamosi iliyofuata nilituma sura ambamo mke wa Kaseba anazikunja nguo zake na kuzigawa. Wengine waliondoka kundini, waende salama. Kambale alinitumia sauti fupi: wapakiaji wameuliza nani amepewa kofia. Kundi leo ni kubwa kuliko lilivyokuwa, na Tate, kabla ya kutuaga naye, alikuwa akiwaambia wageni wake kuwa yeye amezika watu wengi, lakini hakuna aliyezikwa vizuri kama yule wa mkwe wake.

Basi, mwanangu, jibu lako ni hili. Msichana wako usimwoze kwa sababu watu wamepiga kelele. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wasomaji ni wana: watalia, watakununia, wataondoka na kurudi usiku wamenyata. Wasikilize, maana wanakupenda, lakini kalamu usiwape. Wanaoandika sana kundini si wote wanaokusoma. Kuna mtu asiye na simu, anayesomewa, aliyeshika mwisho wa hadithi yako kwa mikono miwili kwa haja usiyoijua, na ukiubadilisha ili kuwafurahisha wenye sauti, yeye ndiye unayemnyang'anya. Mzae mtu wako vizuri, mpe jina, mpe ukoo, mpe mwendo wake. Siku yake ikifika, mzike, na ukae kwenye kilio chake mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Wala usione haya kujivuna kwa kazi iliyokutoka jasho. Mcheza kwao hutunzwa, na sisi tunacheza kwetu.

Nenda ukaandike. Umeme usikukatike katikati ya sentensi, na mega zako za intaneti zifike Jumamosi. Watu wako wa kutunga watembee kwenye nyua usizozijua, na kila utakapofiwa na mmoja wao, langoni pako pasikose mtu aliyetoka mbali na unga wake. Mungu akulinde, na mikono yako pia.